Kujikinga na baridi katika kitanda cha bembea

Kujikinga na baridi katika kitanda cha bembea ni jumla ya mbinu na vifaa vinavyomwezesha mtu kulala nje usiku wa baridi katika kitanda cha kitambaa au wavu kilichoning'inizwa kati ya miti miwili, bila kupoteza joto la mwili kupita kiasi.

Anayelala ardhini hupata baridi ya udongo chini yake na ya hewa juu yake. Anayelala katika kitanda cha bembea amezungukwa na hewa pande zote, pamoja na chini ya mgongo. Kwa sababu hiyo anaweza kusikia baridi hata usiku ambao watu wengine hawauoni kuwa wa baridi. Kwa kawaida halijoto ikishuka chini ya 20 °C hivi, mgongo na makalio huanza kupoa ikiwa hakuna kitu kingine kati ya mwili na hewa isipokuwa kitambaa cha kitanda.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hilo linawahusu wapanda milima, skauti, watafiti wa misitu, waongoza watalii na wapagazi. Si suala la vilele vyenye theluji tu. Hata Buswelu, kata ya Wilaya ya Ilemela katika Mkoa wa Mwanza, usiku wa Juni na Julai unatosha kumwamsha kwa baridi mtu aliyelala katika kitanda cha bembea bila kinga ya chini.

## Jina na asili

Kwa Kiswahili kitanda cha aina hiyo huitwa kitanda cha bembea au machela. Neno "machela" limetokana na Kireno *machila*. Zamani lilitaja hasa kitambaa au wavu uliofungwa kwenye mti mrefu na kubebwa mabegani na wapagazi, huku msafiri au mgonjwa akiwa amelala ndani yake. Kwa kuwa leo watu wengi wanalifahamu neno hilo kwa maana ya kitanda cha kubebea wagonjwa, makala hii inatumia jina "kitanda cha bembea".

Kitanda chenyewe kina asili katika nchi za joto za Amerika. Mwaka 1492 Kristoforo Kolumbus na mabaharia wake waliwakuta Wataino wa visiwa vya Karibi wakilala katika nyavu zilizoning'inizwa, walizoziita *hamaca*. Neno hilo liliingia katika lugha nyingi za Ulaya. Mwaka 1597 Jeshi la Majini la Uingereza liliidhinisha vitanda vya bembea kwa mabaharia wake, kwa kuwa vilichukua nafasi ndogo na viliyumba pamoja na meli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Marekani lilitumia katika misitu ya kitropiki kitanda cha bembea chenye chandarua na paa la kuzuia mvua.

Kwa hiyo kitanda cha bembea kilibuniwa na watu wa nchi za joto kwa ajili ya hali ya joto. Sifa iliyopendwa huko, yaani hewa kupita chini ya mwili, ndiyo inayokuwa tatizo penye baridi.

## Jinsi mwili unavyopoteza joto

Ndani ya mwili wa binadamu halijoto ni takriban 37 °C. Mtu mzima aliyelala huzalisha joto la wati 70 hadi 80 hivi, ambalo ni pungufu sana kuliko la mtu anayetembea. Akipoteza joto zaidi ya analozalisha, huanza kupoa. Joto huondoka mwilini kwa njia nne:

* Msafara: hewa iliyogusa mwili hupata joto, kisha huondoka na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi. Upepo huongeza kasi ya badiliko hilo. Katika kitanda cha bembea hii ndiyo njia kubwa, kwa sababu upepo hupita chini ya mgongo bila kizuizi.
* Mpitisho: joto hupita moja kwa moja kutoka mwilini kwenda kwenye kitu baridi kinachogusana nao. Hii ndiyo njia inayomsumbua zaidi anayelala kwenye udongo au jiwe. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na ndiyo sababu nguo iliyolowa huleta baridi upesi.
* Mnunurisho: mwili hutoa joto kwa mawimbi yasiyoonekana, kama jiko linavyomfikia mtu aliyekaa mbali nalo. Usiku usio na mawingu joto hilo hupotelea angani.
* Uvukizaji: jasho na unyevu wa pumzi hugeuka mvuke na kuondoka na joto.

Blanketi, sweta na mfuko wa kulalia havizalishi joto. Kazi yake ni kushika hewa katika nafasi ndogo ndogo kati ya nyuzi au manyoya ili isisafiri. Unene wa hewa iliyotulia ndio unaomkinga mtu, wala si uzito wa kitambaa.

Hapo ndipo kitanda cha bembea kinapowashangaza wengi. Mtu akiingia kitandani na mfuko mzuri wa kulalia, uzito wake huubana upande wa chini wa mfuko kati ya mgongo na kitambaa. Hewa hutoka, na sehemu hiyo hubaki nyembamba kama shuka. Juu anaona joto huku chini akiganda. Kuongeza blanketi la pili juu hakusaidii, kwa sababu joto halitokei huko. Vilevile, halijoto inayoandikwa kwenye lebo ya mfuko wa kulalia hupimwa kwa sanamu iliyolazwa juu ya mkeka wa kukinga baridi, kwa hiyo namba hiyo haiwezi kutegemewa na anayening'inia hewani bila mkeka.

## Kukinga upande wa chini

Kwa sababu zilizotajwa, kinga ya chini ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Kuna njia mbili kuu.

### Mkeka wa sponji

Njia rahisi ni kuweka mkeka wa sponji ngumu ndani ya kitanda, chini ya mlalaji. Sponji yenye vijishimo vilivyofungwa haibanwi sana na uzito wa mwili wala hainyonyi maji, kwa hiyo hewa yake hubaki mahali pake. Mikeka ya mazoezi ya viungo ni ya namna hiyo, ingawa mingi ni myembamba. Mikeka miwili ikiwekwa pamoja, ukinzani wake dhidi ya joto hujumlishwa.

Kasoro za mkeka ni mbili. Kwanza, huteleza mlalaji anapojigeuza. Pili, kitanda cha bembea hukunja kitambaa kuzunguka mabega, nayo mabega hutoka nje ya upana wa mkeka. Baadhi ya vitanda hutengenezwa kwa tabaka mbili za kitambaa ili mkeka uingizwe katikati na usihame. Asiye na kitanda cha namna hiyo anaweza kuuingiza mkeka ndani ya mfuko wa kulalia, na kuweka vipande viwili vidogo vya sponji upande wa mabega.

Sponji laini ya godoro la kawaida haifai sana. Hubanwa na uzito, na ikilowa hukaa na maji muda mrefu.

### Blanketi la chini

Njia ya pili ni kuning'iniza blanketi nene *nje* ya kitanda, chini yake. Kwa kuwa mlalaji halilalii, halibanwi, na hewa iliyomo hubaki yote. Mablanketi maalumu ya kazi hiyo hujazwa manyoya laini ya bata au nyuzi za poliesta, na huwa na kamba za mpira zinazoyavuta yakaribie kitambaa cha kitanda.

Ukaribu huo ni muhimu. Likining'inia mbali, upepo hupita katikati na blanketi halifanyi kazi. Likivutwa mno, hubanwa na kuwa jembamba. Ncha zote mbili hufungwa vizuri ili hewa baridi isiingie upande wa kichwa au wa miguu.

Asiye na blanketi maalumu anaweza kulitengeneza kwa vitu vya kawaida. Blanketi zito hukunjwa mara mbili na kuwekwa ndani ya kitenge au shuka kubwa. Pembe za kitenge hufungwa kwa kamba kwenye ncha za kitanda, na pembeni huongezwa kamba nyingine mbili ili lisilegee katikati. Wakati wa dharura, viroba vilivyojazwa majani makavu vinaweza kutumika badala ya blanketi, mradi viwe vikavu kabisa.

Tangu miaka ya 2000 mablanketi ya chini yameenea miongoni mwa wapiga kambi wa Marekani na Ulaya, na wenye uzoefu huyatumia wakati wa theluji, hata halijoto ikiwa chini sana ya 0 °C. Katika hali hiyo wengi huunganisha njia zote mbili: blanketi la chini nje na mkeka ndani.

## Kukinga upande wa juu

Kwa upande wa juu hutumika mfuko wa kulalia au mablanketi. Ni rahisi zaidi kuufungua mfuko na kujifunika nao kama blanketi, kwa sababu kuingia ndani ya mfuko uliofungwa huku kitanda kikiyumba ni kazi ngumu.

Vitu vinavyojazwa ndani hutofautiana. Manyoya ya bata ni mepesi na hushika hewa nyingi, lakini yakilowa hushikamana na kupoteza kinga yake karibu yote. Nyuzi za poliesta ni nzito zaidi, ila huendelea kukinga kiasi hata zikiwa na unyevu. Kwa sababu hiyo poliesta hufaa zaidi penye mvua nyingi na ukungu, kama milima ya Rwenzori au mwambao wa ziwa wakati wa masika.

Kichwa na shingo hufunikwa kwa kofia ya sufu. Pumzi isielekezwe ndani ya mfuko, kwa sababu unyevu wake hulowesha kinga kidogo kidogo, na usiku wa pili au wa tatu huwa wa baridi kuliko wa kwanza.

## Turubai, upepo na mahali pa kulala

Turubai hufungwa juu ya kitanda hata kama mvua haitarajiwi. Huzuia umande, hupunguza joto linalopotea angani kwa mnunurisho, na likifungwa chini huvunja upepo. Usiku wa baridi kingo zake hushushwa karibu na ardhi, na ubavu wake huelekezwa upande upepo unakotoka.

Uchaguzi wa mahali unaweza kubadili usiku mzima. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, kwa hiyo usiku hutiririka kutoka mlimani na kutulia bondeni. Mahali palipoinuka kidogo kutoka sakafu ya bonde, penye kichaka au jiwe kubwa upande wa upepo, huwa na joto kuliko chini kabisa. Kwa upande mwingine, mgongo wa kilima ulio wazi hupigwa na upepo. Katikati ya mteremko ndipo panapofaa mara nyingi.

Kabla ya kufunga kitanda ni lazima kutazama juu. Tawi kavu au mti uliooza unaweza kuanguka usiku, na anayelala chini yake hana nafasi ya kukimbia.

## Kufunga kitanda

Miti inayofaa huwa na umbali wa mita 4 hadi 5 hivi kati yake. Kamba kutoka kitandani hadi mtini huachwa iteremke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka usawa. Wengi hukosea kwa kuvuta kamba mpaka zinyooke, wakidhani kitanda kitakuwa tambarare. Matokeo yake ni mawili: mabega hubanwa, na mzigo kwenye kamba huongezeka sana. Kwa mtu wa kilo 70, kamba kila upande kwenye pembe ya nyuzi 30 hubeba mzigo wa takriban kilo 70. Kwenye pembe ya nyuzi 10 kila kamba hubeba takriban kilo 200, na hapo kamba dhaifu hukatika.

Kitanda kilicholegea vizuri humwezesha mtu kulala mshazari, kichwa upande mmoja wa mstari wa katikati na miguu upande wa pili. Mgongo hunyooka, na kinga ya chini hukaa mahali pake. Sehemu ya kukalia isizidi kimo cha kiti cha kawaida kutoka ardhini, ili mtu akianguka asiumie.

Badala ya kamba nyembamba, mtini hutumika mikanda yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi ili isikate gome. Mvua ikitarajiwa, kipande cha uzi hufungwa kwenye kila kamba karibu na kitanda kikining'inia chini. Maji yanayoteremka kwenye kamba hufuata uzi huo na kudondoka kabla ya kumfikia mlalaji.

## Mavazi, chakula na unyevu

Ushauri wa kawaida kwa anayelala nje penye baridi ni huu:

* Kubadili nguo kabla ya kulala. Nguo za mchana zina jasho hata zikionekana kavu. Nguo moja kavu, soksi na kofia huwekwa kwa ajili ya usiku tu.
* Kuepuka pamba karibu na ngozi, kwa kuwa hunyonya maji na hukauka polepole. Sufu na poliesta ni bora.
* Kula kabla ya kulala, hasa vyakula vya mafuta na wanga, kwa kuwa mwili hupata joto lake kutokana na chakula. Karanga zinafaa kuwekwa karibu kwa ajili ya usiku wa manane.
* Kuingia kitandani mwili ukiwa na joto. Kwa kuwa blanketi hutunza tu joto lililopo, mtu aliyekwisha kupoa hukawia kupata joto. Kutembea haraka kwa dakika chache husaidia, mradi asitoke jasho.
* Kuweka maji ya moto katika chupa isiyovuja, kuizungushia soksi na kuilaza karibu na mapaja au tumbo.
* Kwenda haja ndogo kabla ya kulala na pia usiku inapohitajika, badala ya kujizuia na kukosa usingizi.
* Kuepuka pombe. Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozi, kwa hiyo mtu husikia joto wakati mwili wake unalipoteza kwa kasi zaidi.

## Hali ya Afrika ya Mashariki

### Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria

Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho hufanya usiku wa Mwanza uwe baridi kuliko wa Dar es Salaam au Tanga, ingawa Mwanza iko karibu zaidi na ikweta. Katika miezi mikavu ya katikati ya mwaka anga huwa jeupe, joto la mchana hupotea haraka baada ya jua kutua, na halijoto huweza kushuka hadi 16 °C hivi. Mtu aliye chumbani hujifunika blanketi moja na kulala, lakini aliye katika kitanda cha bembea huhitaji kinga ya chini.

Ziwa lenyewe hutunza joto, na maji yake usiku huwa na joto kuliko nchi kavu iliyo jirani. Tofauti hiyo huleta upepo wa nchi kavu, unaovuma usiku kuelekea ziwani. Mchana upepo hugeuka na kutoka ziwani. Kwa hiyo turubai lililofungwa alasiri ili kuzuia upepo wa ziwani linaweza kuwa limeelekezwa upande usiofaa ifikapo alfajiri. Katika misimu ya mvua, radi na dhoruba hutokea mara nyingi juu ya ziwa usiku na asubuhi na mapema.

Mwanza hujulikana kwa vilima vya mawe makubwa ya matale, ambayo yanaonekana pia katika Manispaa ya Ilemela. Mawe hayo hupata joto la jua mchana na kulitoa polepole saa za kwanza za usiku, tena huvunja upepo. Kitanda kilichofungwa kwenye miti iliyo karibu na jiwe kubwa hunufaika kwa yote mawili. Hata hivyo nyufa za mawe ni makao ya nyoka na wanyama wadogo, kwa hiyo mahali hukaguliwa kabla ya giza.

Katika ukanda wa ziwa kinga dhidi ya mbu ni muhimu kuliko kinga dhidi ya baridi, kwa kuwa malaria ipo mwaka mzima. Mbu wanaweza kuuma kupitia kitambaa chembamba kilichovutwa na uzito wa mwili, hata kama juu kuna chandarua. Blanketi la chini au mkeka huzuia hilo pia. Chandarua chenye dawa hufungwa kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda na kukizunguka hadi chini. Ufukweni penyewe hapalaliwi penye njia za viboko au palipo na mamba.

### Nyanda za juu

Baridi halisi ya Tanzania kwa watu wanaoishi humo iko katika nyanda za juu. Wilaya ya Makete na sehemu nyingine za Mkoa wa Njombe hupata jalidi mwezi Juni na Julai. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, iko kwenye uwanda wa takriban mita 2,600 uliojaa nyasi na maua. Huko kitanda cha bembea hukosa mahali pa kufungwa, na hema hufaa zaidi. Misitu ya Usambara karibu na Lushoto ina miti ya kutosha, lakini ukungu wake hulowesha kila kitu kisichofunikwa.

Kulala katika hifadhi za misitu kunahitaji kibali cha mamlaka inayosimamia msitu husika, kama Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Katika hifadhi za taifa kibali hutolewa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania.

### Milima mirefu

Kwa wastani halijoto hupungua kwa 6.5 °C hivi kila mtu anapopanda mita 1,000. Tukianza na usiku wa 16 °C mjini Mwanza (mita 1,140), hesabu hiyo inatoa makadirio yafuatayo kwa Kilimanjaro:

* Mandara (mita 2,720): takriban 6 °C
* Horombo (mita 3,720): takriban −1 °C
* Kibo (mita 4,720): takriban −7 °C
* Kilele cha Uhuru (mita 5,895): takriban −15 °C

Haya ni makadirio ya hesabu tu, na usiku wenye upepo mwili huona baridi zaidi. Kwenye milima ya ikweta tofauti kati ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi. Anayepanda huhitaji vifaa vya baridi wakati wowote wa mwaka.

Mandara iko ndani ya msitu. Juu ya mita 3,000 hivi miti mikubwa huisha, na kitanda cha bembea hakina pa kufungwa. Isitoshe, wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hulala katika kambi zilizotengwa tu. Hali ya mimea inafanana katika Mlima Kenya (mita 5,199) na Rwenzori (mita 5,109).

Mimea ya juu ya msitu huonyesha kanuni ileile ya kushika hewa. Senesio wakubwa wa Kilimanjaro hawaangushi majani yao yaliyokufa, bali huyabakiza yakiwa yamezunguka shina kama koti nene, na shina haligandi usiku. Lobelia wakubwa hufunga majani yao jioni kukinga chipukizi la katikati.

### Wapagazi

Wanaolala mlimani mara nyingi kuliko watalii ni wapagazi wanaowabebea mizigo. Baadhi yao wamefariki kwa baridi, hasa walipolowa mvua na kulala bila nguo kavu au mfuko wa kulalia wa kutosha. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wenye makao yake Moshi na unaojulikana kwa kifupi cha KPAP. Pamoja na kufuatilia malipo, chakula na mahali pa kulala pa wapagazi, mradi huo huwaazima nguo za baridi bila malipo. Kanuni za mlima huweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi. Kikomo hicho kinahusiana na baridi moja kwa moja, kwa kuwa mpagazi aliyeelemewa na mizigo ya wengine huacha nyumbani blanketi lake mwenyewe.

## Hatari

### Haipothemia

Haipothemia ni hali ya halijoto ya ndani ya mwili kushuka chini ya 35 °C. Inaweza kutokea hata halijoto ya hewa ikiwa juu ya 0 °C, hasa mtu akiwa amelowa, amechoka na yuko kwenye upepo. Dalili za kwanza ni kutetemeka, vidole kushindwa kufunga kifungo au zipu, na kujikwaa. Baadaye mgonjwa huongea kwa kuvuta maneno, huchanganyikiwa na kusinzia. Chini ya 32 °C hivi kutetemeka huweza kukoma. Hiyo si dalili ya nafuu, ni dalili kwamba hali imekuwa mbaya.

Mgonjwa hutolewa kitandani na kulazwa juu ya mkeka mkavu mahali pasipo na upepo. Huvuliwa nguo zilizolowa, hufunikwa mwili mzima pamoja na kichwa, na kama ana fahamu kamili hupewa kinywaji cha moto chenye sukari. Hasuguliwi mikono na miguu wala hapewi pombe. Akiwa amechanganyikiwa au amezimia hushughulikiwa taratibu, kwa kuwa misukosuko inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na hupelekwa hospitalini haraka. Kwenye milima mirefu, kuchanganyikiwa na kuyumba kunaweza pia kuwa dalili za ugonjwa wa mwinuko, ambao hutaka mgonjwa ateremshwe mara moja.

### Moto na mkaa

Hatari ya pili hutokana na jitihada za kujipatia joto. Jiko la mkaa halipaswi kuwekwa ndani ya hema wala chini ya turubai lililoshushwa pande zote. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala hufa bila kuamka. Ni hatari ileile inayowaua watu waliojifungia chumbani na jiko la mkaa wakati wa baridi au mvua. Mkaa uliofunikwa majivu na kuonekana umezimika huendelea kutoa gesi hiyo.

Moto wa wazi chini ya kitanda cha bembea nao ni hatari, kwa kuwa vitambaa vya nailoni na poliesta huyeyuka na kushika moto upesi. Moto ukiruhusiwa, huwashwa mbali na kitanda na kuzimwa kabla ya kulala. Joto lake hutumika kuchemsha maji ya chupa, na chupa hiyo ndiyo inayopelekwa kitandani.

## Tazama pia

* Buswelu
* Halijoto
* Haipothemia
* Hema
* Kilimanjaro (mlima)
* Machela
* Ziwa Viktoria